Makomeo Mawili

Ukitaka kumwona fundi Cheche akigeuka mbogo, mwombe akuwekee komeo upande wa nje wa mlango. Juzi tu alikuja mama mmoja mpole, anataka mlango wa banda la kuku. Cheche akaitupa futi yake chini. "Kuku gani hao?" Mama wa watu akaanza kuwataja mmoja mmoja kwa rangi, na bado fundi akamfuata mpaka nyumbani akawaone kwa macho yake. Kweli walikuwa kuku. Ndipo akakubali kuchomelea.

Vijana wa mtaani wanacheka. Wacheke tu, maana hawakuwepo.

Zamani, mikono yake ikiwa bado na nguvu zote, aliitwa kwenye kiwanda cha matofali nje ya mji. Tajiri mwenye kiwanda alitaka milango miwili ya chuma, mkubwa wa ghala refu na mdogo wa chumba cha pembeni, yote komeo nje. Cheche akauliza, "Ya kuhifadhia matofali, siyo?" Tajiri akasema eeh. Basi. Akachomelea, akasaga, akaweka alama yake kwenye kona, nukta tatu za moto kama kwenye kila kazi yake, akaenda zake. Jamani, nani anafungia matofali ndani? Hilo alijiuliza njiani, akalimeza.

Mwaka uliofuata mdogo wake wa kike, kitinda mimba aliyemlea mwenyewe tangu mama yao afariki, akamuaga akisema amepata kazi ya upishi mbali. Alikuwa na kovu chini ya jicho. Alipokuwa mdogo alichungulia kaka yake akichomelea, moto ukamrukia. Alisema atapiga simu akifika. Hakupiga. Miaka miwili kaka mtu alizunguka vituo vya mabasi na hospitali akiwa na picha yake mfukoni, mpaka picha ikafutika sura.

Asubuhi moja dereva wa lori akaleta bodi iliyopasuka. Akazungukazunguka, akakohoa.

"Fundi, wewe ndiye wa nukta tatu?"

"Ndiye mimi."

"Kule kwa matofali kuna dada ana kovu hapa. Kaninong'oneza nikipakia. Anasema, mwambie kaka, kazi yake naiona kila asubuhi nikifunguliwa."

Cheche aliiacha mashine ikiwaka.

Alikimbilia polisi, msije mkasema alianza na nyundo. Askari wa zamu alimsikiliza, kisha akampigia simu tajiri mbele yake, wakacheka pamoja. Siku ya tatu dereva akarudi, uso chini. Yule dada alikuwa amefungwa kwenye nguzo juani, amepigwa kwa mkanda wa mashine mpaka mfupa wa mkono ukatokeza. "Sababu ya mdomo wake," dereva akasema. "Watamuua, fundi. Wiki haiishi."

Waliingia kiwandani na lori la yule dereva saa sita mchana, Cheche amekaa mbele na nyundo kubwa miguuni. Nguzo ilikuwa tupu. Mbele ya ghala alisimama mnyapara, jitu lenye kipara, mkanda mkononi na ufunguo shingoni.

"Nataka mdogo wangu," Cheche akasema.

"Toka hapa kabla sijakutoa meno."

Mkanda ukampata Cheche shavuni, ukachana nyama mpaka ufizi ukaonekana. Naye akainua nyundo. Pigo la kwanza lilivunja goti, mnyapara akaanguka akilia kama ng'ombe. La pili lilimpata begani, mkanda ukamtoka mkononi. Hapo kazi ilikuwa imekwisha. Ufunguo ungechukuliwa hata na mtoto. Lakini Cheche aliinua macho, akaziona nukta zake tatu kwenye kona ya ule mlango, damu ikamchemka, akashusha la tatu katikati ya kipara. Sauti ya pigo lile hakuisahau tena.

Akafungua. Walitoka watu thelathini na mmoja wakijikinga jua kwa viganja. Mdogo wake alitoka wa mwisho, mkono umefungwa kwa kitambaa cha gunia. Akamtazama mnyapara pale chini, akamtemea mate. Kisha akakaa vumbini karibu naye, amechoka.

"Huyu ndiye aliyenivunja," akasema. "Kaka, umemuua?"

"Nimemuua."

"Alikuwa akitupiga ili naye asipigwe. Jioni tajiri akija, alimfungia kwenye chumba kile kidogo. Miaka mitatu sasa."

Cheche akageuka. Kwenye kona ya mlango mdogo nako kulikuwa na nukta tatu. Ndani aliona mkeka, sahani ya bati, na shati lililokunjwa vizuri kama la mtu anayetarajia kusafiri.

Tajiri alikamatwa, akatoka kwa dhamana kesho yake. Cheche alikula miaka sita. Hakimu alipomuuliza kama anajuta, alisema, "Ningerudi, ningempiga tena. Mara mbili." Watu wakadhani ni kiburi, na hakimu akamkemea kwa maneno makali.

Leo wanaishi pamoja, kaka na dada, chumba kimoja nyuma ya karakana. Mlango wao hauna komeo kabisa, ndani wala nje. Mdogo wake anapika kwa mkono mmoja, ule mwingine haujanyooka tangu siku ile. Kaka akianza kunung'unika habari za lile pigo la tatu, dada huweka mwiko chini.

"Mimi nipo hapa nakupikia. Unataka nikuhurumie kwa hilo?"

"Sitaki unihurumie."

"Basi kula."

Naye Cheche anakula. Mwisho wa mwezi hubeba mfuko wa unga mpaka kwa bibi mmoja kizee, ng'ambo ya reli, anayeuliza kila mara kama kuna habari za mwanawe, mrefu, mwenye kipara, aliyekwenda kazini miaka mingi iliyopita akasema atapiga simu akifika. Cheche hushusha mfuko, akakagua bawaba za mlango wake, akazitia mafuta. Bado hajaweza kumwambia.