Upazi wa Kivinje

Zama za Mwingereza, pale Kilwa Kivinje, mtoto akipiga kelele chuoni aliambiwa, "Acha upazi." Wanawake wakigombana kisimani, huo upazi. Mlevi akitukana njia nzima, upazi mtupu. Vijana wa juzi walidhani neno limetoka Arabuni pamoja na tende, na huku Pazi mwenyewe, mchoma chokaa, akipita na kapu lake begani, akilisikia.

Lilizaliwa kwenye harusi ya Mfaume, tajiri wa nazi. Alfajiri ya siku ile, akienda tanurini, Pazi alipita nyuma ya zizi la tajiri akamwona ng'ombe wa madoa amekufa, tumbo limefura, nzi wamejaa machoni. Adhuhuri, masinia ya pilau yalipoandaliwa, aliiona ngozi ile ile ya madoa imewambwa uani. Akamwendea mpishi, akamuuliza kwa adabu kabisa nani aliyechinja.

"Kula, bwana," mpishi akamwambia. "Usitutie kichefuchefu."

Hapo Pazi akapiga teke sinia la kwanza, akapiga la pili, akapaza sauti mpaka ikamkauka: wanalishwa nyamafu, na mwenye nyumba anajua. Mfaume akasema huyu kalewa tembo, mtoeni. Wageni wakatazamana, wakaitazama nyama, kisha wakanawa mikono upya na kuendelea kula. Wengine waliokota minofu mkekani, wakaipangusa mchanga, wakaitia kinywani. Watu wazima hao, wenye kanzu zilizopigwa pasi, mafuta yakiwachuruzika vidoleni. Na wakishacheua wakapata nguvu za kumcheka yeye, na kabla ya jua kuzama jina lake lilikuwa tayari jina la fujo.

Tangu hapo Pazi hakupaza sauti tena. Hata kwa punda alisema taratibu. Karamu za mji hakuzila, na mikono ya watu aliishika kwa ncha za vidole, maana kila akiitazama aliyaona yale mafuta.

Kitu kimoja tu alikitamani. Binti yake Samia alizaa mtoto wa pili wa kiume. Wa kwanza alikwishachukua jina la babu yake wa kwa baba, na huyu, kwa desturi, alikuwa wa upande wa mama. Angeitwa Pazi, na jina lingepata mwenyewe mpya, safi.

Siku ya saba Pazi akapakatishwa mtoto, watu wamejaa ukumbini, Samia kitandani mlango ukiwa wazi. Mama mkwe wa Samia, Bi Mwanasha, akakohoa kidogo.

"Baba Samia, utuwie radhi. Tumeonelea aitwe Huseni. Jina lako unalijua, wenzake watamcheka."

"Desturi je, Bi Mwanasha?" Pazi akauliza.

"Desturi tunaijua. Lakini neno limeshaharibika."

Nani aliyeliharibu? Pazi alitaka kuliuliza swali hilo kwa sauti. Akainua macho, akaona nyuso zote zimemwelekea, na karibu na mlango wanaume wawili wakigusana viwiko, midomo imeshaanza kutabasamu. Walikuwa wakingoja apaze sauti tu. Walimtia kinyaa kuliko ng'ombe yule.

"Huseni ni jina jema," akasema kwa sauti ndogo, akamrudisha mtoto.

Samia, aliyekuwa akimngojea baba yake amtetee, akageukia ukutani.