Mafuta ya Mvumbasi wa Samuye

Juzi mwalimu mwenzangu alirudi kutoka likizo Arusha na mche wa seji kwenye kopo la maziwa, akaniwekea mezani ofisini hapa Geita. Nikachuma jani moja, nikalifikicha, nikanusa. Rafiki yangu, nilicheka peke yangu. Seji ni mmea wa ugenini kwetu, lakini ukishika shina lake unasikia lina pembe nne, kama la mvumbasi, maana ni ndugu wa ukoo mmoja. Na ile harufu ya kafuri iliyonipanda puani ikanichukua moja kwa moja hadi kijijini Samuye, uani kwa bibi.

Bibi alipanda mvumbasi kuzunguka mji wake wote, nyumba hadi zizi. Asubuhi ng'ombe walipotoka zizini walijisugua kwenye majani, na nyumba nzima ikanukia. Sisi wajukuu tulifagia kwa matawi yake, kisha tukakaa kula michembe ya kuchemsha, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, vidole vikiwa bado vina harufu ile ile. Jioni alitupa matawi mabichi kwenye moto, mbu wakatuhama. Alizoea kutuambia kwamba hajui nyumba inayolala bila mvumbasi inalalaje.

Nilikuwa darasa la sita. Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa mgeni kutoka Kilimanjaro, kijana mwembamba asiyejua Kisukuma hata cha salamu. Akiambiwa “mwangaluka” asubuhi, alijibu “asante”, na watu wakacheka hadi kisimani. Tulijua ameomba uhamisho. Lakini alikuwa na sauti ya ajabu, na ndiye aliyefundisha kwaya ya shule. Siku chache kabla ya mashindano mjini Shinyanga, mafua yakamshika, yakashuka kifuani, sauti ikakauka kabisa. Zahanati walimpa vidonge, homa ikaisha, sauti haikurudi. Akawa anatufundisha kwa kupunga mikono. Mwalimu mkuu akaanza kusema labda tusiende, nasi tukalia, maana wengi wetu hatukuwahi kufika mjini.

Nilimsimulia bibi nikimsaidia kupepeta mtama. Alinituma nikamwite mwalimu wetu.

Mwalimu alikuja, akamwamkia kwa kunong'ona. Bibi akaitikia marahaba, akamketisha kwenye kigoda, akaweka mbele yake chungu cha maji ya moto yaliyojaa majani ya mvumbasi, akamfunika blanketi. Sisi tulisimama pembeni tumeziba midomo. Mwalimu wetu alikuwa amegeuka furushi linalokohoa.

“Vuta pumzi, mwanangu, taratibu,” bibi alimwambia. “Mvuke ukikuzidi, funua.”

Siku zilizofuata alirudi mwenyewe, na kila akimaliza kujifukiza alipewa chai ya majani hayo na asali. Asubuhi ya safari, tukiwa tumepanda lori, akatuanzishia wimbo. Sauti ilikuwa na mikwaruzo, lakini ilikuwa sauti. Tulishika nafasi ya pili. Bibi alikuwepo, amevaa kitenge chake cha kanisani, akimwambia kila aliyekaa karibu naye, “Ile sauti nimeichemsha mimi.”

Mwalimu hakutosheka na kupona. Alitaka kujua mna nini ndani ya jani. Jumamosi moja akaja na darasa zima, birika kubwa, na bomba jembamba la shaba aliloomba kwa fundi wa friji mjini. Bibi akatoa amri kwamba majani yachumwe umande ukishakauka. Tukalijaza birika, tukaunganisha bomba kwenye mdomo wake, tukaziba nafasi kwa unga uliokandwa, bomba likapita ndani ya beseni la maji baridi. Tukakaa chini kusubiri. Mvuke ukapoa, ukageuka maji, yakadondoka kwenye chupa, na juu yake ukaelea utando mwembamba wa mafuta ya manjano. Bibi akainuka, akachovya ncha ya kidole, akanusa, akacheka mpaka akakaa.

“Kumbe mwenye harufu ndiye huyu,” akasema.

Mwalimu akatueleza kwamba katika mafuta yale mna kafuri na vitu vingine vinavyozibua pua na kuzuia vijidudu, na kwamba kiasi chake hubadilika kwa aina ya mmea, udongo na jua. Mmea huvitengeneza ili kujikinga na wadudu, sisi tunaazima tu. Akaonya kwamba yakikusanywa namna ile huwa makali, hayanywewi. Bibi akakubali. Hata majani tu, alisema, hajawahi kumpa mjamzito. Akaiweka chupa juu kabisa ya kabati. Nami siku ile nikajua nitasoma kemia.

Uhamisho ulipokuja, mwalimu aliukataa. Akajifunza Kisukuma mpaka akawa anabishana na bibi kwa lugha yake, na bibi akimshinda.

Bibi ametangulia. Mji wake umegawanywa, penye mvumbasi pamejengwa ukuta wa matofali, na mwalimu amestaafu, amerudi kwao mlimani. Mmea wenyewe bado upo, utauona hata kando ya barabara ya Bugarama, malori yakiutimulia vumbi. Lakini watu wazima wawili kukaa chini na watoto mchana kutwa, wakishangilia mafuta yasiyotosha hata kupaka kiganja, hilo sijaliona tena.