Siku Tatu za Kuhesabu Magari

Niliomba mwenyewe nipangiwe kijiji chetu. Ofisi yetu ya serikali ilitaka kujua ni barabara zipi za wilaya ya Mkalama zijengewe madaraja kwanza, na jibu lilitakiwa litoke kwenye fomu: kila chombo kinachopita, kuanzia alfajiri hadi jioni, unakiwekea kijistari. Siku tatu mfululizo. Nilikuwa na digrii mpya na kiburi kipya.

Kiti changu nilikiweka kando ya korongo, pale ambapo mvua zikichanganya barabara inakatika na vitunguu vinabaki ng'ambo mpaka vioze. Mama mdogo, aliyenilea baada ya mama kufariki, analima ng'ambo hiyo. Utotoni nililivuka korongo lile nikiwa mgongoni kwake, maji yakimfika kiunoni. Hakuna mtu aliyehitaji kunieleza faida ya daraja.

Usiku wa kuamkia siku ya kwanza, mzee mmoja jirani akafariki. Kwetu msiba ukitokea, hakuna anayefunga ng'ombe kwenye mkokoteni wala anayewasha pikipiki kwenda shamba mpaka marehemu azikwe. Watoto wake walikuwa mbali, ikabidi wasubiriwe, akazikwa siku ya tatu alasiri. Siku zote hizo mimi nilikaa na fomu zangu. Lilipita Fuso lililopotea njia, ikapita pikipiki ya mganga wa zahanati, kisha gari lililoleta wafiwa. Basi. Nilijisifu moyoni kwamba sikuongeza hata kijistari kimoja cha kuipendelea barabara ya kwetu.

Siku ya pili mama mdogo aliniletea chakula kutoka msibani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona huji kukaa na watu?"

"Niko kazini, mama."

Akaitazama fomu iliyokuwa karibu tupu. "Sasa si uandike kwamba kuna msiba?"

Chini ya fomu kulikuwa na mistari miwili ya maelezo mengineyo. Nikamwambia serikali inataka takwimu, haina haja na habari za misiba. Alicheka kidogo. "Haya, wewe ndiye uliyesoma," akasema, akachukua vyombo vyake akarudi msibani.

Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliogopa wenzangu ofisini waseme huyu anatetea kwao. Mgeni angeshangaa kijiji kizima kutulia vile, angeuliza sababu na angeiandika. Mimi sikuwa na haja ya kuuliza, nilijua, na ile mistari miwili nikaiacha tupu.

Uchambuzi pia niliufanya mimi. Nilitafuta wastani, nikaupanga kwenye jedwali, na barabara yetu ikashika mkia. Mkuu wangu aliisifu kazi ile kwa unadhifu wake, nami nikafurahi sana, jambo linalonichoma hadi leo. Daraja lilienda kwingine. Huenda walilistahili, sijui, maana hata wao hakuna aliyewauliza siku zao tatu zilikuwaje.

Mwaka huu, mvua zilipokwisha, nilikwenda kumwona mama mdogo. Aliteleza korongoni mwezi wa nne akiwa na gunia la vitunguu kichwani, na nyonga yake haijakaa sawa. Nilimkuta ameketi kwenye mkeka, fimbo iko pembeni. Nilimwamkia, akaitikia, akanitaka nikae karibu.

"Mwenyekiti alitusomea barua," akasema. "Eti barabara yetu haina watu. Nikasimama palepale mkutanoni nikawaambia, mwanangu ndiye aliyehesabu, na msiba aliuandika, mimi mwenyewe nilimkumbusha. Kwa hiyo huko juu kuna mtu ameufuta."

Niliitazama fimbo yake.

"Wewe uko humo ndani," akaendelea, akinishika mkono. "Nitafutie huyo mtu ni nani."

Nikamwambia nitamtafuta.