Barua ya Akina Julia

Katika kiwanja cha Wasafiri, sisi jamii ya kuhamahama ya Ireland, nje ya mji wa Tuam kulikuwa na wanawake watatu walioitwa Julia Mongan, na hakuna aliyeona ajabu. Kwetu mtoto wa kike humrithi bibi yake jina, na binti wa Mongan akiolewa na binamu yake, Mongan mwenzake, hana cha kubadili. Palikuwa na Julia Mkubwa, mjane wa miaka sitini na moja. Palikuwa na Julia Mwekundu, mwekundu wa nywele, miaka ishirini na sita. Na katikati yao alikuwa Julia wa Barua, mkamwana wa yule mkubwa, na huyu ndiye ninayemsimulia.

Jina la Barua alilipata ukubwani. Alipokuwa na miaka thelathini na moja mama yake mzazi alifariki kwa saratani ya mlango wa kizazi, na baada ya mazishi watoto wakakuta barua saba za hospitali kwenye droo, chini ya sahani nzuri za wageni. Hazikuwahi kufunguliwa. Marehemu hakujua kusoma, lakini alijua barua ya hospitali ni kitu cha maana, akaitunza. Julia alikasirika hasira ambayo haikuwa na wa kumshukia. Akajiandikisha darasa la watu wazima, akasoma, na miaka mitatu baadaye akaajiriwa kuwa mhudumu wa afya kwa wanawake wa kwetu.

Kazi yenyewe ilikuwa kuzunguka trela kwa trela, maana ndimo tunamoishi, kunywa chai mpaka tumbo lilalamike, na kungoja wanaume watoke kwenda kwa farasi zao ndipo azungumze. Mambo ya wanawake hayasemwi mbele ya wanaume. Tangazo la pedi likitokea kwenye televisheni, mama wa Kisafiri huinuka akazima, hata kama alikuwa anangoja taarifa ya habari. Na katika hao wote hakuna aliyekuwa mgumu kama mama mkwe wake.

"Mlango wa nini?" Julia Mkubwa aliuliza siku ya kwanza.

"Wa kizazi, Mama. Wanapima kidogo tu, dakika tano."

"Kwenye trela hii mlango ni ule pale. Ukitaka kuutumia, utumie."

Ilichukua miaka mitatu. Hatimaye bibi akakubali, akapanda gari pamoja na wale Julia wengine wawili, wakapimwa wote siku ile ile. Aliporudi akasema, "Nimekwenda ili unyamaze."

Baada ya wiki tano ikaja barua. Mleta barua wetu haingii kiwanjani. Anasema anaogopa mbwa. Mbwa wako wawili, na mmoja hana meno. Basi huziacha barua getini, ndani ya kreti ya plastiki, na mvua ya Februari haibagui karatasi. Julia wa Barua aliikuta hii imelowa chapachapa, akaianika juu ya hita kwake. Ilipokauka, nusu ya juu ilisomeka: Julia Mongan, kipimo kimeonyesha mabadiliko, fika hospitali ya Galway Alhamisi saa nne asubuhi. Nusu ya chini, penye tarehe ya kuzaliwa, ilikuwa wino mtupu.

Akapiga simu.

"Siruhusiwi kutoa habari za mgonjwa kwa simu," alisema yule wa upande wa pili. "Aje mwenyewe."

"Mwenyewe ni mimi. Au si mimi. Ndilo tatizo lenyewe, dada."

Yule dada akarudia maneno yale yale.

Julia hakulala vizuri. Ingekuwa yake, angejua la kufanya. Aliyemtia hofu ni Julia Mwekundu. Msichana ana miaka minne kwenye ndoa na hajazaa, na trela yake inatazamana na ya mama mkwe wake, Philomena, ambaye alishaanza kusema kuwa kijana wake Johnny ameoa picha ya ukutani. Philomena akisikia mkwewe ameitwa hospitali kwa habari ya kizazi, atamrudisha kwao kabla ya Pasaka. Kwa hiyo Julia aliamua waende wote watatu, ili asionekane mmoja. Wakaaga kuwa wanakwenda Galway kutazama kitambaa cha harusi.

Kule hospitali nesi alifungua mlango akaita, "Julia Mongan!"

Wakasimama watatu.

Nesi akaitazama karatasi, akawatazama wao. "Namhitaji mmoja tu."

"Tuambie wewe, ni yupi," alisema Julia Mkubwa. "Sisi wenyewe hatujui."

Nesi akaanza kutafuta tarehe. Katika dakika ile Julia wa Barua aliomba. Aliomba isiwe yake, kwa ajili ya watoto wake wanne. Akaomba isiwe ya msichana. Ndipo akatambua kuwa ameshaomba iwe ya nani, na bibi mwenyewe amesimama karibu naye, mkoba mkononi, koti la kanisani mwilini. Aliona aibu mpaka uso ukawaka moto.

"Nani kazaliwa mwezi wa Mei?"

"Mimi," alisema Julia Mwekundu, akakaa chini.

Daktari alikuwa mwanamke mpole, asiye na haraka. Alisema hii si saratani, ila seli zilizobadilika zikiachwa miaka, zinaweza kufika huko. Angeziondoa leo leo, robo saa tu, na sindano ya ganzi.

"Nitaweza kuzaa?" msichana aliuliza.

"Hili halitakuzuia."

Julia wa Barua alimshika mkono mwanzo hadi mwisho. Njiani kurudi msichana alilia, wala si kwa maumivu. "Philomena atajua, shangazi. Atasema nimeoza." Julia Mkubwa alikaa mbele, mkoba mapajani, toka Galway mpaka nyumbani.

Philomena alikuwa amesimama getini, mikono kifuani. Nyuma yake wanaume sita walikuwa wanamtazama kwato farasi mmoja.

"Kitambaa kiko wapi?" aliuliza. Hakuna aliyekuwa amekumbuka kitambaa. "Mnadhani mimi mtoto? Nimeiona barua juu ya hita, ina muhuri wa hospitali. Ya nani?" Na macho yake yalikuwa kwa mmoja tu.

Julia Mkubwa akashuka garini taratibu, mguu mmoja kwanza.

"Yangu," alisema, kwa sauti ya kuita watoto waje kula. "Wameona mabadiliko kwenye mlango wa kizazi. Kizazi, Philomena. Mle mle alimotoka huyo Johnny wako. Wameyaondoa, nimepona. Una lingine?"

Philomena akasogea kando ya geti. Wanaume wakatazama viatu vyao, na mmoja akaanza kumpapasa farasi kwa bidii ambayo farasi hakuihitaji. Bibi akapita katikati yao akaingia kwake. Julia Mwekundu naye akaenda kwake, na hakuna aliyemfuata kwa macho.

Julia wa Barua alibaki na funguo za gari mkononi. Kisha akamfuata mama mkwe wake. Alimkuta ameketi kitandani, anavua viatu.

"Mama," alisema. "Pale hospitali niliomba iwe yako."

Julia Mkubwa akakiweka kiatu chini, akaanza na cha pili.

"Na mimi niliomba hivyo hivyo, iwe yangu, mwanangu. Weka maji ya chai."