Mabango Mawili, Nyumba Moja

Mama ndiye aliyenituma. Alitumiwa picha ya nyumba ya kaka yangu Hamadi, kule Bowie, Maryland. Mbele ya nyumba palisimama mabango mawili ya uchaguzi, moja lake na moja la mkewe Zuhura, ya wagombea wanaopingana. "Nyumba imeingia nyufa," akasema. "Nenda kawapatanishe kabla hawajaachana." Msuluhishi wa ukoo wetu ni mimi, nimepatanisha hata majirani waliogombania jogoo. Niliondoka Tanga moyo mzito.

Uwanja wa ndege wa Dulles walinipokea wote wawili. Njia nzima hadi Bowie walibishana juu ya kodi na bima ya matibabu, na mimi kiti cha nyuma navuta uradi. Hii ndoa haifiki Ijumaa, nikajisemea.

Asubuhi ya pili, baada ya chai, niliwaweka kitako.

"Nyote ni wangu," nikaanza. "Talaka si mchezo."

"Talaka ya nani, dada?" akauliza Hamadi.

Nikawaonyesha mabango yao dirishani. Zuhura alicheka hadi akashika mbavu. "Wifi, hizo ni kampeni tu! Upepo ukiangusha bango lake, mimi ndiye ninayelisimamisha."

Nikaona haya, kisha nikacheka kuwashinda wao. Sikumbuki lini niliwahi kufurahi vile.

Siku ya kura tulikwenda kwa gari moja. Kwenye foleni walikuwa wakila karanga za mfuko mmoja.

"Kura zenu si zinafutana?" nikauliza. "Si mngelala tu?"

"Mwaka mmoja tuli-agree tubaki home wote," akasema Zuhura. "Tukakutana hapa hapa kwenye line!" Hata waliokuwa nyuma yetu, wasiojua Kiswahili, walicheka kwa kutuona tunavyocheka. Kisha akanigeukia. "Na shemeji, mumeo, anajua unampigia kura nani?"

Tangu niolewe, mume wangu Bakari hunitajia mgombea wake, nami humwitikia, "Huyo huyo." Nikifika kituoni nampigia mwingine.

Niliporudi Tanga nilianzia kwa Mama. Alimshukuru Mungu, akacheka mpaka machozi. Kwa Bakari hapakuwa rahisi. Nilimmiminia chai, nikakaa, nikamwambia ni nani hasa ninayempigia kura.

"Miaka yote?"

"Yote."

Akaweka kikombe chini. Nyumba za watu nimezisuluhisha, lakini ya kwangu niliitunza kwa kunyamaza, nikadhani hiyo ndiyo amani. Bakari akavuta kiti chake karibu na changu, akaniuliza jambo ambalo hakuwahi kuniuliza tangu anioe.

"Kwa nini yeye?"