Aliyepata Ndiye Aende

Nakumbuka vizuri siku jina langu lilipotoka kwenye bahati nasibu ya kuwinda elki, maana sikuwa hata najua elki ni mnyama gani. Nilikuwa jikoni kwetu mjini Crystal nakaanga vitunguu, baba yako akaingia na barua, uso umemkunjuka kama bwana harusi. Nakuhadithia haya, mwanangu Ciku, kwa sababu juzi ulikosa kibali cha kuwinda elki ukanipigia simu ukilalamika kwamba mambo yamepangwa. Naona hasira imepoa kidogo, basi kaa nikuambie.

Elki ni jamaa ya kulungu, mkubwa kama fahali. Huku Minnesota wamebaki wachache tu kaskazini, kwa hiyo vibali ni vya kuhesabu kwa vidole na waombaji ni umati. Ukipata mara moja, basi, hupati tena maishani. Baba yako alikuwa amefundishwa kuwinda na wenzake wa kiwandani kule Plymouth. Alijaza jina lake, kisha akajaza na langu ili kuongeza bahati, kama tulivyofanya kwenye ile bahati nasibu ya kuja Marekani. Hata ile ni jina langu lililotoka.

"Mama Ciku, wewe tulia tu," akaniambia. "Nitaenda nacho mimi. Huko porini nani ataniuliza?"

Sikuona ubaya. Wewe ulikuwa bado unatambaa, na bunduki nilikuwa naiogopa.

Wakati huo nilikuwa nahudumia wazee kwenye nyumba moja ya kuwatunza huko Golden Valley. Mmoja wao, Mzee Walter, alikuwa mwindaji maisha yake yote, ila sasa miguu ilikuwa imekataa. Asubuhi moja nikimvisha soksi nilimsimulia mpango wetu, nikidhani atacheka. Aliuvuta mguu wake kutoka mikononi mwangu.

"Niliomba kibali hicho tangu kilipoanza kutolewa," akasema polepole. "Kila mara nilikosa. Sikuwahi kulalamika, kwa sababu niliamini kwamba aliyepata ndiye aliyekwenda. Sasa unaniambia nilikuwa mjinga?"

Niliona haya mpaka masikio yakawa moto. Nilikuwa nimefikiria kibali changu, nikawasahau wote waliokosa ili mimi nipate.

Jioni nikamwambia baba yako kwamba ama naenda mwenyewe, ama haendi mtu. Alinuna, na unamjua akinuna, hata sufuria zinasikia. Lakini ndiye aliyenipeleka kwenye mafunzo ya bunduki, nikaketi darasani na watoto wa shule wakinicheka. Msimu ulipofika ndiye aliyeendesha gari mpaka kaskazini, akanibebea chupa ya chai, akakaa nyuma yangu kwenye baridi bila kuigusa bunduki. Siku ya mwisho elki akatokeza kwenye miti. Nilivuta pumzi kama nilivyofundishwa, nikapiga, akaanguka. Nililia, na baba yako akalia pia, ingawa leo ukimuuliza atakana.

Sehemu ya nyama niliipika na viazi mpaka ikalainika kabisa, nikaomba ruhusa kazini, nikampelekea Mzee Walter. Alionja, akaniangalia.

"Nani alipiga?"

"Mimi."

Akafumba macho, akatafuna taratibu, kisha akaomba aongezewe mchuzi.

Kwa hiyo, mwanangu, kukosa si kuonewa. Pale wengi wanapoomba kichache, wengi watakosa, hata kama hakuna aliyedanganya. Na haki ya bahati nasibu hailindwi na ofisi peke yake. Inalindwa na kila anayepata, akikataa kumpa mwingine nafasi iliyotoka kwa jina lake. Omba tena mwakani, jina lako tu, usijaze la mume wako. Siku likitoka, nenda mwenyewe, kwa sababu kuna mtu mahali fulani amekosa na bado anakuamini.

Mungu akulinde barabarani, autulize mkono wako, akupe na moyo wa kuomba tena kila unapokosa. Na siku utakayopata, chai nitakubebea mimi.