Tulifika Ipelele na Nyumba Yetu

Nimesafiri na nyumba mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa Ujerumani. Mara ya pili ilikuwa hapa hapa kwetu, kutoka Makambako kwenda Ipelele. Watu wakiniuliza safari ipi ilikuwa ngumu, wanategemea niseme ya Ujerumani, kwa sababu ya ndege na lugha. Hapana. Ujerumani sikumkosea mtu.

Nina dada mmoja. Kwa mama yetu tulikuwa sita, tumebaki wawili, na yeye ndiye mkubwa. Mama alifariki nikiwa bado nina meno ya utoto, dada akanilea. Aliacha shule ili mimi niende, nami nikaenda mpaka darasa la nne, ndiyo maana naweza kuandika haya. Yeye aliolewa Ipelele, juu kabisa Makete, analima viazi mpaka leo. Mimi niliolewa na Mbena, nikashukia Makambako kwenye malori na vumbi.

Kwetu mtu haendi safari ndefu bila kumuaga mkubwa wake. Na kuaga ni kwa miguu. Unakwenda, unakaa, unakula, anakushika kichwa na kukuombea, ndipo unaondoka.

Mwaka juzi binti yangu alijifungua huko Ujerumani, akanitumia tiketi. Ulikuwa mwezi wa tatu, mvua haikatiki, nikaogopa kukwama huko juu ndege ikaniacha. Nikapiga simu.

"Dada, kesho naondoka."

"Unaondoka kwenda wapi?"

Nikamwambia. Nikasikia mbuzi wake wakilia. Halafu akasema, "Haya," akakata.

Tangu siku ile hakupokea tena simu yangu. Inaita mpaka inajichokea. Ya binti yangu anapokea, ya mchungaji anapokea, hata ya wale matapeli wanaosema umeshinda zawadi anapokea, anawatukana vizuri. Yangu hapana. Mtu akiwa na ndugu mmoja tu aliyebaki, naye hapokei simu, usiku na mchana anasikiliza watu wengine wanasema nini juu yake. Nilikuwa naogopa jambo moja, kwamba habari za dada yangu nitaletewa na mtu mwingine, na itakuwa habari ya mwisho.

Hofu hiyo nilipanda nayo ndege kwenda, nikarudi nayo.

Kabla ya safari, pasipoti yenyewe ilikuwa imenisumbua. Mashine ya kuchukua alama za vidole ilivikataa vidole vyangu. Kijana wa ofisini alinifuta kwa kitambaa, akanipaka mafuta, akanibonyeza tena, mashine ikakataa. Akaniuliza, "Bibi, ulikuwa unafanya kazi gani?" Nikamwambia, "Jembe." Akasema jembe limefuta. Alipata kidole gumba na kidole cha pete cha mkono wa kushoto, akasema vinatosha, tukaachana.

Ujerumani nilikaa karibu miezi mitatu. Mjukuu ni wa kike, ana afya, sina la kusema hapo. Mkwe wangu ni Mjerumani. Ni mtu mzuri, anaosha vyombo. Kabla sijarudi akasema tutatembea na karavani. Karavani ni nyumba yenye magurudumu, inafungwa nyuma ya gari, inakokotwa. Ndani kuna jiko, sinki, meza, kitanda hapa na kitanda pale. Nikauliza, "Tunahama?" Binti yangu akasema, "Hapana, Mama, tunapumzika."

Tuliendesha siku nzima mpaka ziwani. Pale kuna uwanja wenye karavani zimepangwa kama vibanda vya mnadani, ila hakuna anayeuza kitu. Kila mtu amekaa mbele ya mlango wake. Asubuhi wanaosha vyombo nje kwenye beseni, wanaanika mataulo kwenye kamba, wanachota maji bombani na ndoo. Nilivuka bahari kwenda kuangalia watu wakichota maji. Makambako nalifanya hilo bila pasipoti.

Ila pale palikuwa na shida moja ya kweli. Vitanda vilikuwa chumba kimoja, katikati pazia. Nikamwita binti yangu pembeni.

"Mume wako analala wapi?"

"Hapa, Mama."

"Na mimi?"

"Hapa. Kuna pazia."

"Mwanangu, wewe umezaliwa wapi?"

Alijua. Aliona haya. Mama mkwe na mkwe hawalali chumba kimoja, pazia si ukuta. Alikwenda kumweleza mumewe kwa lugha yao, ikachukua muda. Yule bwana hakuelewa, lakini alitoa hema dogo garini, akalala nje siku nne, na siku mbili kati ya hizo zilikuwa za mvua. Hilo nilimheshimu.

Nilijiuliza sana pale kwa nini watu wenye nyumba nzuri za matofali wanakwenda kukaa kwenye kisanduku. Nikaja kuona. Mahali pale hapakuwa na shangazi wa mtu. Ukitembea nchi ambayo hakuna anayekusubiri, lazima ubebe kitanda chako. Sikuwasema vibaya. Nilisema moyoni, ndivyo walivyo.

Mwaka huu mwezi wa saba wakaja wao. Mkwe alikodi Dar es Salaam basi dogo lililogeuzwa nyumba, lina vitanda, jiko la gesi, sinki na choo kidogo cha kumwaga. Akasema anataka kuona nchi ya mke wake, ile hifadhi ya Kitulo na maua yake, ingawa mwezi huo yamebaki machache, halafu washuke Ziwa Nyasa. Binti yangu akanivuta jikoni.

"Mama, tutapitia Ipelele. Nimeshampigia Mama Mkubwa. Amesema tuje."

"Amesema tuje, au amesema mje?"

Akafikiri. "Amesema karibuni."

Hilo halikunisaidia. Nilifunga mfuko wangu.

Tulipita Njombe asubuhi, tukanunua mkate na maparachichi, tukapanda. Kufika Tandala ilikuwa saa saba, mkwe akaona mahali pazuri pa kuegesha, karibu na shamba la watu. Akatoa viti, akatoa meza, binti yangu akawasha jiko kupika wali. Mimi nikakaa kwenye kiti njiani, saa saba mchana, mbele ya nyumba za watu, nasubiri chakula.

Bodaboda akasimama. "Mmeharibikiwa?"

"Hatujaharibikiwa," nikamwambia. "Tunakula."

Akaangalia magurudumu yote manne, akaondoka hajaridhika. Akaja mzee na spana mkononi. Naye nikamweleza. Akasema, "Kama ni betri, semeni tu, msione aibu." Wa tatu alikuwa mama mmoja, alikuja na viazi vya kuchemsha kwenye sufuria amevifunika kwa kanga, akasema ameona kuna mtoto, na fundi wa Tandala siku hiyo yuko msibani. Mkwe wangu alifurahi sana. Alisema watu wa hapa ni wakarimu. Nilivila vile viazi nimeinamisha kichwa.

Nilipaswa kujifunza pale. Sikujifunza. Tulipita Iwawa tumeshiba, na hilo ndilo lilikuwa kosa, maana Ipelele tulifika saa kumi, na kwa mwenyeji huendi umeshiba.

Dada yangu alikuwa amesimama mlangoni. Amezeeka. Ninamzidi kimo sasa, zamani haikuwa hivyo. Uwanja ulikuwa umefagiliwa, alama za ufagio zimelala upande mmoja. Kupitia mlangoni niliona kitanda kimetandikwa blanketi jipya, bado lina mikunjo ya dukani. Kuku alikuwa amefungwa mguu kwenye nguzo ya jiko, na kando yake sufuria ya viazi vilivyomenywa, viko majini.

Alimkumbatia binti yangu. Alipokea shikamoo ya mkwe wangu, ambaye aliitamka vizuri. Alimchukua mtoto, akamfunga mgongoni. Mimi akaniambia, "Karibu, mgeni." Hivyo ndivyo anavyomkaribisha bwana shamba.

Binti yangu amekaa sana kule. Kule ukimpenda mtu, humsumbui. Akasema kwa upendo wote, "Mama Mkubwa, usihangaike kabisa. Tumeshakula njiani. Na kulala tunalala humu garini, kila kitu kipo."

"Kila kitu kipo," dada akasema.

"Ndiyo. Hata maji tumebeba."

Dada aliinama, akafungua kamba mguuni mwa kuku. Kuku akasimama kidogo, hakuamini, akaenda zake. Dada akamrudisha mtoto kwa mama yake, akabeba sufuria ya viazi, akaingia ndani, akafunga mlango.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ningesema, huyu ni mtoto, hajui, mimi nalala ndani. Mdomo ulikuwepo. Ila niliogopa kwamba nikimfuata ndani atanipa kitanda kama anavyompa mgeni, ataniuliza kama maji ya kuoga yametosha, na nitajua kwamba imekwisha. Gari lilikuwa wazi, nikaingia garini. Mkwe akasimamisha hema lake nje mwenyewe, siku hizi haambiwi.

Kabla ya giza majirani walikuja kuangalia. Mama mmoja wa jirani alichungulia dirishani, akagusa sinki.

"Na jiko limo?"

"Limo," nikasema.

"Na choo?"

"Kimo."

"Sasa, mama, kwa dada yako mmefuata nini?"

Wenzake walicheka. Mimi nikavuta pazia la dirisha.

Asubuhi umande ulikuwa umeganda majanini, ukikanyaga unalia. Moshi ulikuwa unatoka jikoni kwa dada. Niliwaacha wamelala, nikaenda kusimama nje ya mlango wa jiko.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi ana nyumba yake pale uwanjani."

"Dada, nina njaa."

Kuni zilisogezwa. "Mlikuja mmeshiba."

"Walishiba wao."

"Ingia, baridi inaingia."

Niliingia, nikakaa chini, si kwenye kigoda. Viazi vya jana alikuwa amevipika, vipo chunguni, hajavila. Hakunipa. Alikaa upande wa pili wa moto, akaniangalia vizuri kwa mara ya kwanza.

"Ulipokwenda Ulaya, ulisikia mimi nimekufa?"

"Hapana, dada. Ilikuwa mvua. Barabara..."

"Mvua." Alisukuma kuni kwa mguu. "Na ndege ilipaa kwenye mvua hiyo hiyo."

Nilikuwa na maneno mengi niliyoyapanga miaka miwili. Hilo la ndege sikulipangia. Nikasema, "Nimekosa."

"Sijasikia."

"Unasikia sana."

"Sikio la upande huo limekufa. Sema tena."

"Nimekosa, dada. Nilipaswa kuja kwa miguu. Na jana nilipaswa kulala ndani. Niliogopa."

"Uliogopa nini? Mimi nimekulea nikikuuma?"

"Uliniita mgeni."

"Nikuitaje? Mtu aliyekuja na choo chake!"

Nilitaka kucheka, nikaona bado si wakati. Alichukua kiazi chunguni, akakimenya maganda yaliyobaki kwa kucha, akanipa mkononi, si kwenye sahani. Kilikuwa kimepoa. Nilikila. Akanipa kingine. Tulikula hivyo mpaka chungu kikaisha, na katikati alinieleza nani amekufa Ipelele tangu mwaka juzi. Walikuwa saba. Wawili kati yao nilicheza nao, na mazishi yao sikuyajua, maana wa kunijulisha alikuwa ni yeye.

Jua lilipopanda, binti yangu akaja kuita. "Mama, tuondoke mapema, tukute maua kabla ya ukungu."

Dada akainuka. Hakunijibia wala hakuniuliza. Alikwenda mpaka garini, akapanda, tukamsikia akipekua, akashuka na mfuko wangu kichwani. Miaka yake inanizidi minane. Akaupitisha mbele ya mkwe wangu, ambaye alinyoosha mikono kumsaidia akabaki nayo hewani, akauingiza ndani.

"Huyu hatembei," akamwambia binti yangu. "Wewe nenda kaone maua. Na ukirudi, mwanangu, uje na njaa."

Binti yangu akaniangalia. Nikamwambia, "Umesikia."

Walikula kwanza, maana dada hakuwaruhusu kugusa ufunguo wa gari kabla ya hapo. Mkwe alikula sahani mbili. Waliondoka karibu saa tano, ukungu ulishafunika kila kitu. Baadaye binti alinitumia picha za maua hayo. Ni mazuri, ila hayaonekani.

Gari lilipopinda kilimani, dada alinitolea jembe nyuma ya mlango. Walikuwa wanavuna viazi, na mwenzake wa kazi alikuwa mgonjwa. Wanasema mgeni hupewa jembe siku ya tatu. Mimi nilipewa siku ya pili, saa tano na nusu, na nguo za safari bado ziko mwilini. Tulishuka shambani, akatembea mbele. Akapita mistari mitatu yenye udongo mweusi laini, ya kumpa mgeni, akafika ule wa pembeni, wenye mawe, karibu na mtaro.

"Wa kwako huo," akasema.

Nikainama, nikaanza.